Boksi moja la risasi kwa kulungu na koyote: jibu kwa msomaji wa Texas

Swali la msomaji:

"Salamu, mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Kivu Kusini, sasa ninaishi na familia yangu nje kidogo ya Abilene, Texas, ambako ninafuga mbuzi. Nimenunua raifali ya .243 Winchester ili niwazuie koyote wanaokula watoto wa mbuzi wangu. Muuzaji alinipa boksi la risasi za greni 58 zenye ncha ya plastiki, akanieleza kwamba ni nyepesi, zinakwenda kwa kasi sana na koyote akipigwa nazo hanyanyuki. Msimu wa Novemba ukifunguliwa nataka pia kuwinda kulungu kwa ajili ya kitoweo cha nyumbani, ambako nina watoto wawili wa chini ya miaka 6. Je, risasi hizi zitafaa kwa wanyama wote wawili? Kama hazifai, ninunue zipi? Na hizi zinazotengenezwa kwa shaba tupu zina faida ya kweli, au tunalipia jina tu?"

Jibu:

Ndugu yangu, risasi ulizonazo zinafaa kwa koyote na hazifai kwa kulungu, na ninakuomba usizitumie kwa kulungu hata kama utamwona amesimama karibu. Kutumia risasi ya aina moja kwa wanyama wote wawili kunawezekana, ila ni sharti ichaguliwe kwa kipimo cha kulungu. Risasi iliyoundwa kwa kulungu humwua koyote bila shida, ilhali iliyoundwa kwa koyote inaweza kumwachia kulungu jeraha la juujuu, akakimbia nalo na kwenda kufia vichakani baada ya saa nyingi za mateso, nawe usiipate nyama. Kwa hali uliyonieleza, hasa kwa sababu ya watoto watakaokula nyama hiyo, mimi ningenunua risasi za shaba tupu za greni 80 au 85 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi, yaani ile sehemu inayoruka na kumpiga mnyama). Nitakueleza sababu, kisha utaamua mwenyewe.

Tuanze na wanyama wenyewe. Kulungu wa mkia mweupe wa sehemu hizo za Texas si mkubwa sana. Wengi wao humkaribia pongo wetu kwa uzito, na dume mzima mara nyingi huwa na kilo 50 hadi 70 akiwa hai. Koyote ni jamaa ya bweha, amemzidi kidogo tu, na mara nyingi huwa na kilo 10 hadi 16. Tofauti inayotuhusu zaidi, hata hivyo, ni unene wa kile ambacho risasi inapaswa kukipita kabla ya kuufikia moyo na mapafu. Kwa koyote ni ngozi, mbavu nyembamba na sentimita chache za nyama. Kwa kulungu inaweza kuwa ngozi nene, msuli wa bega, hata mfupa wenyewe wa bega, na kifua chenye upana wa karibu sentimita 30. Kichwa cha risasi kinachotakiwa kwa kulungu ni kile kinachochanua baada ya kuingia ili kipanue jeraha, na wakati huohuo kinabaki kitu kimoja chenye uzito wa kutosha kuvuka kifua, ikiwezekana kitokee upande wa pili.

Kichwa cha greni 58 kiliundwa kwa lengo lililo kinyume na hilo. Kiini chake ni cha madini ya risasi yaliyo laini, gamba lake la shaba ni jembamba, na ile ncha ya plastiki ikigonga kitu husukumwa nyuma na kukipasua kichwa kizima mara moja. Watengenezaji walitaka kivunjike vipande vidogovidogo ndani ya sentimita chache za mwanzo, kwa sababu mnyama mdogo hana kina zaidi ya hapo, na kwa sababu kichwa kilichovunjika hakirukiruki ardhini kwenda mbali. Kikimpiga kulungu begani hufanya vilevile: huvunjika juu ya msuli na mfupa, kikachimba shimo pana lisilo na kina.

Watu wengi hudanganywa na hesabu ya nishati. Kichwa cha greni 58, yaani gramu 3.76, hutoka mtutuni kwa kasi ya takribani mita 1,143 kwa sekunde, na nishati yake ni kama jouli 2,450. Kichwa cha greni 100, yaani gramu 6.48, hutoka kwa takribani mita 900 kwa sekunde, na nishati yake ni kama jouli 2,630. Tofauti ya nishati haifiki hata sehemu moja ya kumi, na bado kimoja hukivuka kifua cha kulungu huku kingine kikiishia begani. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha jedwali la kasi na nishati, likubali kuwa ni la kweli, kisha umwulize kichwa hicho kimeundwaje na kiliundwa kwa mnyama gani.

Utakutana na wawindaji watakaokuapia kwamba wamewaangusha kulungu kwa risasi hizohizo, na hawasemi uongo. Kichwa chepesi kikipita katikati ya mbavu mbili bila kugusa bega, hupasukia ndani ya mapafu na kulungu huanguka hapohapo. Shida ni kwamba mnyama hasimami kila mara kwa namna hiyo. Hugeuka wakati kidole kinavuta, hupiga hatua moja mbele, au jani la mwiba huficha mstari wa bega. Risasi ya kulungu huchaguliwa kwa ajili ya siku ambayo mnyama amegeuka, kwa maana siku aliyosimama vizuri karibu kila risasi hufaulu.

Mjadala huu una umri sawa na aina ya bunduki yako. Mwaka 1955 kampuni ya Winchester ilitoa .243 kwa kulikaza shingo ganda la .308, na mwaka huohuo Remington ikatoa .244 yenye kichwa cha kipenyo kilekile. Winchester iliwafikiria wawindaji wa kulungu pamoja na wa wanyama wadogo, kwa hiyo mifuo ndani ya mtutu wake, yaani mikato inayokizungusha kichwa ili kiruke bila kuyumba, ilizunguka mara moja kila inchi 10, kasi inayoweza kukituliza kichwa kirefu cha greni 100. Remington iliiona bunduki yake zaidi kama ya wanyama wadogo, ikaweka mzunguko mmoja kwa inchi 12, unaofaa vichwa vyepesi. Wanunuzi walitaka bunduki moja ya kufanya kazi zote mbili, wakaifuata .243, na ya Remington ikadorora hata baada ya kupewa jina jipya na mifuo ya kasi zaidi mwaka 1963. Wewe unayo bunduki iliyobuniwa kwa swali lako hasa. Hata hivyo, kabla ya kununua risasi, tazama kwenye kitabu cha bunduki mzunguko wa mifuo ya mtutu wako, kwa sababu vichwa virefu sana vya kisasa vya greni 105 na kuendelea huhitaji mzunguko wa inchi 8 au karibu yake, na kwenye mtutu wa inchi 10 vinaweza kuyumba hewani. Vichwa vya greni 80 hadi 100 vya kuwindia havitakusumbua.

Usitegemee uzito peke yake unapochagua. Risasi za .243 zenye greni 80 ziko za namna mbili zisizofanana kabisa. Zile za kizamani, zenye kiini cha madini ya risasi na ncha laini, ziliundwa kwa wanyama wadogo, ilhali za shaba tupu zenye uzito huohuo ziliundwa kwa kulungu na hupenya zaidi ya nyingi za greni 100. Tena kampuni moja huweza kuuza vichwa vyenye majina yanayokaribiana, vyote vikiwa na ncha ya plastiki, kimoja kikiwa cha kuvunjika na kingine cha kuchanua. Soma boksi lote. Mtengenezaji huandika au huchora mnyama aliyemkusudia, na ukikuta neno "varmint", fahamu kwamba risasi hiyo imekusudiwa wanyama wadogo waharibifu. Sheria za baadhi ya majimbo nazo zimelizingatia jambo hili. Colorado, kwa mfano, inadai kichwa cha kulungu kisipungue greni 70 na kiwe cha kuchanua, kwa hiyo boksi lako la greni 58 lingekutia hatiani huko. Texas haikuweka kiwango cha uzito. Inakataza kulungu kuwindwa kwa risasi ndogo ambazo fataki yake imo kwenye ukingo wa ganda, kama .22 ya kawaida. Ukimya wa sheria kuhusu uzito usiuchukue kama ushauri.

Jiepushe pia na vichwa vilivyofunikwa na gamba gumu hadi kwenye ncha, kama vya kijeshi. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vichwa vinavyochanua visitumike vitani, ndiyo maana majeshi hutumia visivyochanua. Katika uwindaji mambo yamegeuka: kichwa kisichochanua hutoboa tundu jembamba, mnyama hukimbia mbali na kufa polepole, na majimbo mengi ya Marekani yanakikataza kwa kulungu.

Sasa tuje kwenye risasi zinazofaa. Kundi la kwanza ni la vichwa vya greni 95 na 100 vyenye kiini cha madini ya risasi na gamba nene linalokishika kiini hicho. Remington Core-Lokt, Winchester Power-Point na Hornady InterLock ni mifano inayopatikana karibu kila duka la Texas, na bei yake ni nafuu. Kwa mita zisizozidi 200, kwa kulungu wa ukubwa wa hao wa kwenu, vinafanya kazi ipasavyo. Daraja la juu zaidi katika kundi hili ni Nosler Partition. John Nosler alianza kukibuni baada ya kuwinda huko British Columbia mwaka 1946, ambako vichwa vyake vilivunjika kwenye ngozi ya paa mkubwa wa kaskazini iliyoganda matope, vikashindwa kupenya. Alichofanya ni kuweka ukuta wa shaba katikati ya kichwa: sehemu ya mbele huchanua upesi, na ya nyuma, iliyolindwa na ukuta huo, huendelea na safari hata kama ya mbele imeharibika. Muundo huo unauzwa hadi leo, na katika .243 unapatikana kwa greni 85, 95 na 100.

Kundi la pili ni la shaba tupu, nawe umeuliza kama faida yake ni ya kweli. Ndiyo, ni ya kweli, na kwa nyumba yenye watoto wadogo ni kubwa. Kichwa chenye kiini cha madini ya risasi, hata kikifanya kazi vizuri, humwaga chembe za madini hayo katika nyama inayozunguka jeraha. Nyingi ni ndogo mno kuonekana au kuhisiwa mdomoni, na huweza kusambaa zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye njia ya risasi. Madini ya risasi ni sumu, na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi kwa sababu ubongo wao bado unakua. Mwaka 2008, baada ya picha za eksirei kuonyesha vipande vya chuma ndani ya nyama ya kulungu ya kusaga iliyotolewa kama msaada wa chakula, mamlaka ya afya ya North Dakota ilishauri kwamba wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6 wasile kabisa nyama ya kulungu waliopigwa kwa risasi za madini hayo. California nayo imekataza risasi hizo katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya tai wakubwa waliokuwa wakifa kwa kula mabaki ya wanyama. Texas haina katazo hilo. Wanao, hata hivyo, ni wa umri uleule uliotajwa katika ushauri wa North Dakota, na jambo hilo pekee lingenitosha mimi kuamua.

Kichwa cha shaba kina shimo kwenye ncha. Kikiingia mwilini hufunguka kama ua lenye petali nne, na kwa kawaida hubaki na karibu uzito wake wote. Ndiyo maana cha greni 80 au 85 hupenya kuliko cha madini ya risasi chenye greni 100. Barnes TSX ya greni 85 na TTSX ya greni 80 zinajulikana sana katika .243, na kampuni nyingine kubwa zina za kwao za namna hiyo. Yapo mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kwamba shaba ni ngumu, hivyo huhitaji kasi ili ifunguke. Watengenezaji wengi hutaka isipungue mita 550 hadi 600 kwa sekunde wakati wa kumgonga mnyama. Risasi hizi hutoka mtutuni kwa takribani mita 975 hadi 1,020 kwa sekunde, kwa hiyo ukipiga ndani ya mita 200 una kasi ya kutosha na akiba. La pili ni bei, ambayo mara nyingi ni ya juu kwa kiasi kinachoonekana. Kwa kulungu wawili au watatu wa mwaka mzima, pamoja na risasi za kujaribia shabaha, ninaiona ni gharama inayobebeka.

Ukiamua kubaki na kichwa cha madini ya risasi, basi kata kwa ukarimu. Ondoa nyama yote iliyovia damu pamoja na sehemu pana inayolizunguka tundu, wala usiipeleke kwenye mashine ya kusaga.

Koyote akipigwa kwa risasi ya kulungu hufa upesi, ila risasi hupita moja kwa moja na kuendelea na safari. Kama ungekuwa unauza ngozi, ningekuambia kwamba tundu la kutokea litaiharibu, lakini wewe unalinda mifugo. Kwako hatari iko nyuma ya koyote. Anapokuja karibu na zizi, kichwa cha shaba kilichomvuka kinaweza kumwua mbuzi aliye nyuma yake, au kuvuka uzio na kwenda kwa jirani, kwa maana risasi ya .243 iliyopigwa juu huweza kufika zaidi ya kilomita 3. Hapa boksi lako la greni 58 lina kazi yake halali, kwa kuwa kichwa hicho mara nyingi huishia ndani ya koyote, na kikimkosa huelekea kuvunjika kwenye udongo. Hata hivyo usimpige koyote yeyote, kwa risasi yoyote, kama nyuma yake hakuna kilima, ukingo wa ardhi au udongo unaouona kwa macho yako.

Kwa hiyo naona una njia mbili. Ya kwanza ni kutumia shaba tupu kwa kila kitu mwaka mzima, na kuwaacha koyote wanaosimama mahali pasipo na kinga ya udongo. Ya pili ni kutumia shaba wakati wa msimu wa kulungu, unaoanza mapema Novemba na kuishia Januari, kisha kurudi kwenye greni 58 kwa koyote, ambao Texas haijawawekea msimu wa kufungwa. Njia ya pili ina sharti lisiloepukika: risasi mbili tofauti hazigongi mahali pamoja. Ukiwa umerekebisha darubini kwa greni 58 ukabadili kuwa 85, alama inaweza kuhama sentimita kadhaa, chini au pembeni, na hakuna jedwali litakalokuambia mtutu wako utafanya nini. Kila unapobadili, rudi kwenye uwanja wa shabaha. Wala usibebe aina zote mbili mfukoni siku moja, kwa sababu wakati wa haraka mkono hautazami. Kwa mtu anayeanza, mimi ninaipendelea njia ya kwanza.

Kuhusu kurekebisha darubini, risasi ya kawaida ya greni 100 iliyowekwa sawa kwa mita 180 hugonga kama sentimita 4 juu ya alama kwenye mita 90, na kama sentimita 18 chini kwenye mita 270. Za shaba nyepesi hushuka pungufu ya hapo. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa kama sentimita 20, hivyo hadi mita 200 unalenga katikati bila hesabu yoyote. Kwa koyote eneo hilo ni nusu yake au pungufu, kwa hiyo yeye ndiye atakayeupima ustadi wako. Kulungu mpige akiwa amesimama ubavu, nyuma tu ya mkono wa mbele, theluthi moja ya mwili kutoka chini. Acha kichwa na shingo. Akikimbia baada ya kupigwa, kaa kimya nusu saa, kisha anza pale aliposimama: damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, na hatakuwa mbali.

Yako mambo machache ya lazima kabla ya Novemba. Kama ulizaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada yake, Texas inakutaka upitie mafunzo ya wawindaji, na unahitaji leseni. Hakikisha kwamba maandishi ya kaliba, yaani aina na kipimo cha risasi kama .243 Winchester, yaliyo chini ya ganda yanalingana na yaliyochongwa kwenye mtutu, kwa sababu yapo maganda ya kaliba nyingine yanayofanana nalo kwa macho. Nunua kwanza boksi moja la shaba ya greni 80 na moja la greni 85, upige kila aina mara tatu kwenye karatasi iliyo mita 90, ukiuacha mtutu upoe kati ya aina moja na nyingine. Mitutu huwa na mapendeleo yake, na miwili iliyotoka kiwanda kimoja inaweza kutofautiana. Aina itakayoweka matundu matatu ndani ya sentimita 4 au 5 ndiyo ya kununua maboksi mengine, yote yenye namba moja ya toleo la kiwandani, ili marekebisho ya darubini uliyoyafanya yasibadilike katikati ya msimu.